Maji Yaliyoficha Ushanga

Wewe uligeuza uso. Usikatae. Ulikuwa unaenda harusi huko Mashuuru, gari likapita kando ya silanga. Silanga ni lile bwawa la kuchimbwa, la kukusanya maji ya mvua. Uliona maji ya rangi ya chai. Uliona mama ameinama anachota. Uliona ng'ombe amesimama ndani ya maji hayo hayo, ameinua mkia. Ukafungua chupa yako ya maji ya dukani, ukanywa, ukarudi kwa simu yako.

Mimi sisahau. Nakumbuka mvua ya El Niño ya tisini na saba. Nakumbuka mizoga ya ng'ombe ya mwaka wa 2009. Nakumbuka ukame wa 2022, halafu mafuriko ya 2024 yaliyokuja kama hasira. Kila mara watu walikuja na kamera. Walipiga picha, wakapanda magari yao makubwa, wakaenda. Maji yakabaki vile vile.

Sasa keti. Nitakuambia habari ya mtoto anayeitwa Soipan na nyanya yake. Na mara hii utaangalia mpaka mwisho.

*

Nyanya huyo anaitwa Namunyak. Watu wote wanamwita Koko, yaani nyanya kwa Kimaasai. Anaishi karibu na Mashuuru, hatua chache kutoka silanga. Mtoto wake Dennis anafanya kazi Kitengela. Huko amepanga nyumba na mke wake Selpha. Selpha ni Mbukusu wa Bungoma, karani wa kiwanda. Mtoto wao mmoja ni Soipan, ambaye hajaanza shule.

Selpha alipoolewa, Koko alimpa mtamba mwekundu. Kwa Wamaasai, watu wakipeana ng'ombe, wanaacha kuitana majina. Wanaitana Pakiteng, jina linalotoka kwa ng'ombe. Kwa hivyo Selpha alimwita mama mkwe wake Pakiteng. Na Koko alimwita Selpha Pakiteng. Hata kwa simu.

"Pakiteng, umeamka?"

"Nimeamka, Pakiteng. Ng'ombe wangu ako aje?"

"Anakula kuliko wewe. Amenona. Wewe ulikuja hapa Krismasi mwembamba kama fito."

Walicheka hivyo kila Jumapili baada ya kanisa.

Shule za jirani zilipofungwa mwezi wa nne, Soipan aliletwa kwa Koko. Selpha alikuja naye. Alileta pia chupa ndogo ya dawa ya maji.

"Pakiteng, maji ya silanga iko na matope sana. Ukichota, weka dawa hii. Kifuniko kimoja kwa mtungi. Ukishaweka, maji ni safi."

"Nimesikia," Koko alisema.

Na kweli alisikia. Selpha aliporudi Kitengela, Koko alichota maji kila asubuhi, akaweka kifuniko kimoja cha dawa. Kisha alimimina maji ya Soipan kwenye kibuyu chake cha maziwa. Kibuyu hicho alikisafisha kama mama yake alivyomfundisha. Alichoma kijiti cha mti wa oloirien, akakisugua kikiwa moto ndani ya kibuyu, akapangusa majivu. Maziwa ya kibuyu kama hicho hayaharibiki upesi, na yananukia moshi mtamu. Koko alifikiri hivi: moshi unaolinda maziwa utalinda maji pia.

"Kunywa, nakerai, mtoto wangu," alimwambia mjukuu wake. "Maji ya watoto wa mjini haina ladha. Hii iko na ladha."

"Inanuka kama moto, Koko!"

"Eeh! Ndiyo uzuri wake."

Soipan alikunywa, akapangusa mdomo kwa mkono, akakimbilia mbuzi.

Tatizo la kibuyu ni moja tu. Huwezi kuona ndani.

*

Wiki haikuisha. Soipan alianza kuhara. Alitapika uji. Macho yake yaliingia ndani, na alipolia, machozi hayakutoka. Koko alimfunga mgongoni, akamkimbiza zahanati. Alipofika shuka lake lilikuwa limelowa jasho.

Sista wa zahanati alimpa mtoto maji ya chumvi na sukari yale ya pakiti, kijiko kwa kijiko. Akampa na vidonge vya zinki.

"Umefanya vizuri kuja mapema," sista alisema. "Mtoto anakunywa maji gani?"

"Maji safi. Niko na dawa ya mjini na kibuyu cha moshi. Vyote viwili!"

Selpha na Dennis walipigiwa simu, wakafika siku hiyo hiyo. Soipan alikuwa ameanza kukojoa tena, na sista alisema hatari imepita. Lakini Selpha bado alitaka kuyaona hayo maji. Walipofika nyumbani kwa Koko, alichukua kile kibuyu. Akachukua glasi kutoka kwa mkoba wake. Akamimina.

Maji yalikuwa ya kahawia. Chini ya glasi kulikaa tope. Juu yake kulikuwa na uzi mwembamba wa kijani.

Dennis aliangalia viatu vyake.

"Hii ndio ulikuwa unampatia?" Selpha aliuliza.

"Niliweka dawa yako," Koko alisema kwa sauti ndogo. "Kifuniko kimoja. Kila siku. Muulize Mungu."

"Soipan anarudi Kitengela. Na hatakuja hapa tena, Mama Dennis."

Mama Dennis. Hakusema Pakiteng. Koko alilisikia jina hilo kama kofi. Aliangalia mtamba mwekundu zizini.

Nakuambia, huyo bibi hakuwa mvivu na hakuwa mchafu. Alifanya kila kitu alichoambiwa. Aliambiwa nusu. Sisi huku tunapenda kuwapa watu chupa bila maelezo, halafu wakiugua tunawalaumu.

*

Kitengela, Soipan alipona. Alinenepa mashavu. Lakini kila asubuhi alikuwa na swali lile lile.

"Mami, tunaenda kwa Koko lini?"

"Kula mkate."

"Koko ako na nani sasa?"

Selpha alichukua beseni. Alipanda juu ya paa la ploti, lile jengo la vyumba vya kupanga, kuanika nguo. Huko alimkuta jirani yake Kavata, anayekaa chumba cha mwisho. Kavata anatoka Ukambani. Kazi yake ni kupima maji. Ameshapima visima, mito na masilanga mpaka wapangaji wenzake wanamwita Mama Maji.

"Jirani, leo unapiga hizo nguo kama zimekukosea," Kavata alisema.

Selpha alimweleza yote: kibuyu, dawa, kuhara. "Na mimi nilimwambia maji itakuwa safi. Ni mimi nilimpelekea hiyo dawa."

Kavata aliweka beseni chini.

"Dawa ni nzuri," alisema. "Lakini maji yakiwa na tope jingi, tope linaila dawa kabla haijafika kwa vijidudu. Na vijidudu vyenyewe vinajificha ndani ya punje za tope. Ni kama umtume askari mmoja akamate mwizi kwa soko ya Kitengela siku ya Jumamosi. Atamwona wapi?"

"Kwa hivyo nilipaswa kufanya aje?"

"Kwanza maji yatulie ndani ya ndoo yenye kifuniko, mpaka tope likae chini. Umimine yale ya juu polepole. Uchuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa. Ndio sasa uweke dawa kama chupa inavyosema, ama uchemshe mpaka yatokote vizuri. Na uyahifadhi kwa chombo chenye kifuniko na mfereji, mtu asiingize mkono."

"Basi hata mimi nilikosea."

"Ulijua nusu. Mama mkwe wako akafuata hiyo nusu vizuri."

Selpha alikaa juu ya beseni lililopinduliwa. Nguo zilipepea juu ya kichwa chake.

"Lakini Kavata, kuna kitu sielewi. Koko amekunywa maji ya hiyo silanga tangu awe msichana. Mbona sasa?"

"Hilo swali ni kubwa," Kavata alisema. "Twende tukamwulize yeye. Jumamosi sina kazi."

*

Walifika Mashuuru jua likiwa limepanda. Koko alikuwa mlangoni. Alimwona Soipan akishuka, akainuka, kisha akasimama. Hakujua kama ameruhusiwa kumshika.

Soipan hakungoja ruhusa ya mtu. Alikimbia, akainamisha kichwa kama mtoto wa Kimaasai anavyosalimia wakubwa. Koko alimwekea mkono kichwani.

"Takwenya, mama," Kavata alisema.

"Iko," Koko aliitikia. "Kumbe Mkamba anajua kusalimia."

"Kidogo tu, mama. Ukiendelea nitakwama."

Walicheka, na hewa ikalegea kidogo. Selpha alisalimia pia, lakini yeye na Koko hawakuangaliana machoni.

Wote walienda silanga. Huko walimkuta mzee Metito, shemeji ya Koko. Yeye ndiye mwenyekiti wa silanga. Ng'ombe wake walikuwa ndani ya maji mpaka tumboni.

Kavata alitoa sahani ya duara iliyofungwa kamba. Ilikuwa imepakwa rangi nyeupe na nyeusi.

"Hii ni ya kula nini?" Metito aliuliza.

"Ni ya kupima macho ya maji, mzee. Naishusha polepole. Pale inapopotea, najua mwanga unafika wapi."

Aliishusha. Ilipotea hapo hapo, kabla ya kuzama kiasi cha kiganja.

Koko alianza kucheka. Alicheka peke yake, mkono mdomoni.

"Mama, nimefanya nini?" Kavata aliuliza.

"Hiyo sahani yako tulikuwa nayo! Tulivaa mguuni." Koko aliinua kidogo shuka lake, akaonyesha kifundo cha mguu. "Tukiwa wasichana, tulivaa ushanga mweupe hapa. Mama zetu walituambia hivi. Ingia maji mpaka chini ya goti. Angalia. Ukiona ushanga wako, chota. Usipouona, toka, rudi na kibuyu kitupu, ngoja maji yatulie."

"Na mlingoja?"

"Tulingoja. Ni baada ya mvua tu, siku kidogo, halafu ushanga unaonekana."

"Ukaacha lini?" Selpha aliuliza. Hili lilikuwa neno lake la kwanza kwa Koko siku hiyo.

Koko aliangalia maji.

"Baada ya ule ukame wa juzi. Mvua ilikuja, maji yakajaa. Nikaingia, nikaangalia. Sikuona mguu. Nikarudi kesho. Sikuona. Nikangoja mwezi. Sikuona. Mtu atakaa na kiu akingojea ushanga mpaka lini? Nikaacha kuangalia. Nikaanza kuweka kwa kibuyu, ili nisione."

Selpha aliinamisha uso. Nami naomba uinamishe wako pia, msomaji, kwa sababu na wewe uko na kibuyu chako cha kuficha maji.

Kavata alikaa chini kwenye vumbi, akachora kwa kidole.

"Mama, sheria ya mama zenu ilikuwa sawa. Silanga ndio imebadilika. Dunia imepata joto. Ukame unakaa zaidi, nyasi zinakufa, ardhi inabaki uchi. Halafu mvua ikija, inakuja yote pamoja, kwa nguvu. Inaosha udongo wote wa hapo juu, inauleta ndani ya maji. Udongo wenu ni laini kama unga, hautulii upesi. Joto likiongezeka, na mavi ya ng'ombe yakiwa ndani, ule ukijani unaota."

"Ni sisi tu tumelaaniwa hivi?" Metito aliuliza.

"Hapana, mzee. Nimepanda Mlima Kenya na watu wanaochunguza viziwa vya huko juu kabisa. Huko hakuna ng'ombe. Hakuna shamba. Usiku maji yanaganda. Lakini barafu ya mlima inaisha, inaacha mawe na udongo mtupu. Mvua kubwa inaushusha kwa viziwa. Na maji yakipata joto kuliko zamani, ukijani mdogo unaweza kuzidi. Watu wanaopima viziwa vya milima mirefu duniani wanaona mahali pengi maji yakibadilika rangi."

Koko alinyoosha kidole upande wa kusini. Siku hiyo hakukuwa na mawingu, na Kilimanjaro ilionekana.

"Ule tunauita Mlima Mweupe," alisema. "Nikiwa msichana, ulikuwa umevaa shuka jeupe mpaka mabegani. Angalia sasa. Umebaki na kitambaa kichwani."

"Nani ameleta hilo joto?" Metito aliuliza kwa ukali.

"Moshi mwingi, mzee. Wa viwanda, wa magari, wa nchi kubwa za mbali kwa miaka mingi. Unaifunika dunia kama blanketi."

"Basi waje wakunywe hii maji!"

Hapo mzee Metito alisema kweli, na sina la kuongeza. Waje wakunywe.

"Wakikuja tutawapa kibuyu," Koko alisema, na hata Metito akacheka.

Lakini Kavata hakumwacha. "Mzee, blanketi hilo hatuwezi kulivua leo hapa Mashuuru. Hao ng'ombe wako ndani ya maji, tunaweza kuwatoa. Na ule mteremko hapo juu, uko uchi. Ulikuwa na nyasi?"

Metito alikuna shingo. "Ulikuwa nazo. Mwaka wa ukame ng'ombe walikuwa wanalala chini, hawainuki. Nikasema wale huko juu, wale hata mizizi. Ningefanya aje? Nikaona pia maji yatateremka haraka bila nyasi kuyazuia."

"Yaliteremka haraka," Kavata alisema. "Na yakabeba udongo wote mgongoni."

Soipan alikuwa amepiga magoti, anarusha vijiwe kwa maji. Koko alimwangalia. Kisha akageuka kwa shemeji yake.

"Metito. Ndama wakizaliwa, tunawafanyia nini?"

"Tunawatengea olopololi," Metito alisema. "Hata mtoto anajua."

Olopololi ni malisho yaliyozungushiwa ua wa miiba karibu na boma. Ng'ombe wakubwa hawaingii. Nyasi zake ni za ndama na za wagonjwa tu. Na hakuna Mmaasai atakayevunja ua huo bila aibu.

"Basi silanga ni ndama wetu," Koko alisema. "Tumemwacha bila olopololi. Ule mteremko uzungushiwe miiba. Asiingie ng'ombe. Asiingie mbuzi. Hata wako, mwenyekiti."

"Ng'ombe wangu watakunywa wapi?"

"Kwa hori. Lile la zamani limepasuka tu, halijafa. Vijana walizibe kwa saruji."

"Mwanamke huyu anataka kiti changu," Metito alimwambia Kavata.

"Kiti chako kina chawa," Koko alijibu. "Nataka maji."

*

Walianza wiki hiyo. Wanawake walikata matawi ya miiba, wakaacha mti wenyewe uishi. Walizungushia mteremko na silanga lote. Kavata aliwafundisha kuchimba mashimo ya nusu mwezi, mgongo wa shimo ukiangalia chini, ili maji ya mvua yasimame hapo kwanza na kuacha udongo. Walipanda mbegu za nyasi ndani yake. Mahali maji yanapoingilia silanga, walichimba shimo pana la kunasa tope. Vijana walitengeneza hori, wakaweka bomba la mkono la kulijaza. Ng'ombe wa kwanza kunywa horini alikuwa wa Metito, na mzee alihakikisha kila mtu ameona.

Nyumbani Koko aliweka ndoo mbili. Moja ya kutuliza, nyingine ya maji yaliyochujwa na kuchemshwa, yenye kifuniko na mfereji. Kibuyu kilirudi kwa maziwa. Pale silanga alitundika sahani ya bati yenye rangi nyeupe kwa kamba, mtu aishushe akiwa nje, asiingize tena mguu majini. Wasichana wa kijiji waliiita ushanga wa Koko.

Mvua za vuli zilikuja kwa kishindo kama kawaida ya siku hizi. Mashimo yalijaa. Nyasi zilishika. Maji yaliingia silangani mazito, lakini si kama zamani. Wiki zilipita. Siku moja Koko alishusha sahani, ikazama kiganja, ikazama mpaka kiwiko, na bado aliiona. Alimpigia Selpha simu akipiga kelele.

Krismasi ilipofika, Selpha alimleta Soipan. Walikaa nje kivulini mwa nyumba. Koko aliingia ndani, akatoka na ile glasi ya Selpha. Ilibaki kwake tangu siku ile mbaya, na aliiosha mara nyingi. Ilikuwa imejaa maji. Hakumpa mtoto. Alimpa Selpha.

"Angalia kwanza," alisema.

Selpha aliinua glasi juu, jua likapita ndani yake. Upande wa pili aliuona uso wa Koko, mikunjo yote, na macho yanayongoja.

"Umechemsha?"

"Imetokota mpaka kifuniko kimeimba."

Selpha alikunywa nusu. Nusu alimpa mtoto.

"Haina ladha ya moto," Soipan alilalamika.

"Ndiyo uzuri wake," Selpha alisema. Kisha akamgeukia mama mkwe wake. "Sasa, Pakiteng. Ng'ombe wangu ako aje?"

Koko alijifunika uso kwa shuka. Alipolishusha alikuwa anacheka na kulia pamoja.

"Ako na mimba, Pakiteng. Wewe ulikuwa umenuna, hungeambiwa."

*

Umemaliza kusoma. Sasa usirudi kwa simu. Inuka. Chukua glasi ya kioo, mimina maji ambayo mtoto wako atakunywa leo, uyainue kwenye mwanga. Kama huoni upande wa pili, yatulize, yachuje; na hata ukiona, yachemshe, kabla hajaomba tena. Kisha toka nje, uangalie mteremko ulio juu ya maji yenu. Ukiwa uchi, mwite mwenyekiti wenu leo, si baada ya uchaguzi, si baada ya mvua. Mwambie achukue panga la kukatia miiba. Na wewe chukua lako. Mvua inayofuata haitakungoja ujitayarishe, na mimi nitakumbuka ulikuwa wapi.